Tunagawa Unga, Lakini Nani Anauliza Kwa Nini Kihoto Inalala Njaa?



Kuna sentensi moja nimeisikia karibu kwenye kila kamati ya misaada niliyowahi kukaa hapa Naivasha, na leo nataka tuivunje hadharani. Sentensi yenyewe ni hii: "Sisi tunagawa chakula tu, hayo mengine ni siasa." Huwa inasemwa kwa upole, na mtu mzima anayeheshimika, mara nyingi baada ya Isha wakati kila mtu amechoka anataka kwenda nyumbani. Ikishatamkwa, mazungumzo yanakufa. Yule aliyeuliza mbona mwezi wa tatu huu tunawanunulia watu walewale dawa zilezile ananyamaza, anachukua viatu vyake mlangoni, anaenda.

Nawaheshimu hao wazee, wallahi. Wengi wao wanatoa mfukoni mwao wenyewe kabla hawajapitisha bakuli kwa mtu mwingine. Lakini sentensi hiyo ni ya uongo, na imetugharimu.

Tuanze na foleni yenyewe. Siku ya mgao wengi wenu mnakuja kubeba magunia, mnapiga mihuri kwenye kadi, mnaondoka. Siku moja simama tu, usibebe kitu, tazama nani amesimama pale. Utaona mama anayefulia watu nguo huko mtaani kwa wenye nafasi. Kijana wa boda ambaye pikipiki ni ya mkopo na imeshachukuliwa. Bibi anayelea wajukuu wanne. Na akina dada wa mashamba ya maua, wale wa kibarua, ambao kabla ya Februari wanaitwa kila siku kwa sababu Ulaya inataka waridi za Valentine, halafu msimu ukipita simu haiiti tena. Kila mmoja anapokea unga, mchele, maharagwe, mafuta, sukari na majani ya chai. Ramadhani tunaongeza tende. Anashukuru, anaomba dua, anaenda.

Sasa muulize yule mama wa kufua ametoka wapi. Atakuambia hakuzaliwa kwenye foleni. Alikuwa na nyumba Kihoto chini kule, vyumba vitatu vya mabati, viwili anapangisha. Ziwa likaja.

Na ziwa halikuja jana. Maji ya Naivasha yamekuwa yakipanda, na 2020 yaliingia kwenye nyumba za watu. Ripoti ya serikali yenyewe kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa, iliyotolewa 2021, ilihesabu kaya zaidi ya 75,000 katika kaunti 13 zilizoathiriwa, kuanzia Turkana hadi huku kwetu. Ikataja sababu pia: mvua nyingi zinazoletwa na mabadiliko ya tabianchi, ardhi ya juu kulimwa na kukatwa miti hadi udongo unateremka ziwani, na mwendo wa ardhi yenyewe chini. Kwa hiyo 2021 ilishajulikana. Mwaka 2024 mvua za Machi hadi Mei zikaja, Mai Mahiu hapo jirani makumi ya watu wakafa kwa usiku mmoja mwezi wa Aprili, Kihoto ikaingia maji tena. Mwaka 2025, Oktoba na Novemba, maelfu ya watu wa Kihoto wakahama, wengine wakitolewa kwa boti na vyombo vyao kichwani, vyoo vimefurika na maji machafu yanaelea mlangoni. Viboko walikuwa wanapita mahali watoto walikuwa wanacheza mpira.

Na kila mara, ndani ya siku chache, sisi tulikuwa pale na unga. Sufuria za pilau zikapikwa, blanketi zikagawiwa, masha Allah. Tulifanya kazi nzuri. Na kila mara, baada ya wiki kama tatu, tukakunja turubai tukaondoka, na hakuna hata barua moja iliyoandikwa kuuliza: nani alipima zile ploti? Nani aliidhinisha watu wajenge? Kuna watu wana hatimiliki mkononi, karatasi ya serikali yenye muhuri wa serikali, halafu serikali hiyohiyo inawaambia wamejenga kwenye ardhi ya ziwa. Kama ni ardhi ya ziwa, hati ilitoka wapi? Kama ni yao, fidia iko wapi, au basi hata mahali pa kuhamia? Haya ni maswali ya kawaida kabisa. Hayahitaji chama wala mgombea. Lakini kamati ya misaada, ambayo ina majina ya waliofurikiwa na mahali kila mmoja alipokuwa anaishi, inasema hayo ni siasa.

Mnajua mtaa huu unaitwaje? Waulizeni majirani zetu Wakikuyu. Kihooto kwao ni haki, ni ile hoja ya kweli inayomshinda hata mwenye nguvu. Tunaishi kwenye mtaa unaoitwa Haki na tunaogopa kulitaja neno lenyewe.

Upande wa afya ndio mbaya zaidi, kwa sababu kule chakula chetu angalau kinajaza tumbo. Kwenye afya, pesa ya sadaka inaziba shimo ambalo mwenye kulichimba anaendelea kulichimba.

Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, tuko kwa SHA. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiyeajiriwa anajibu maswali ya nyumba anayokaa, mali aliyonayo, maisha yake yalivyo, halafu mtambo unaamua atalipa ngapi, na cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukisikia 300 unaona ni kitu kidogo. Lakini huyu mtu hatakiwi kutoa 300. Anatakiwa kulipia mwaka mzima mara moja, yaani 3,600 kwa uchache. Mama wa kufua atoe 3,600 mara moja kutoka wapi? Na kama mtambo umeamua ana uwezo kuliko alivyo, basi ni zaidi ya hapo.

Sawa, tunaambiwa zahanati na vituo vya afya ni bure kwa aliyejiandikisha, kuna mfuko wa afya ya msingi unaolipia. Kwenye karatasi ni kweli. Sasa nenda na mgonjwa wa presha. Daktari atampima, atamwandikia, hana shida. Dirisha la dawa wanamwambia dawa hakuna, kanunue nje. Mgonjwa anarudi kwetu na kile kikaratasi. Kamati inatoa pesa, duka la dawa linauza. Mwezi ujao kikaratasi kilekile, mgonjwa yuleyule. Nimeona familia moja imeletewa hicho kikaratasi kutoka hospitali moja ya umma hadi kimechakaa kwenye mikunjo, maandishi yamefutika, mhudumu wa duka anasoma kwa kukisia.

Hebu fikiria kile kirundo cha karatasi. Kila moja ina tarehe, jina la dawa, muhuri wa hospitali. Huo ni ushahidi kuliko maandamano kumi. Unaonyesha dawa gani haipo, tangu lini, watu wangapi wameikosa. Na sisi tunaufanyia nini? Tunambandikia risiti kwa ajili ya hesabu zetu, tunaweka kwenye boksi la kiatu juu ya kabati. Afisa wa kaunti akiulizwa kuhusu dawa atasema hajapata malalamiko yoyote. Na atakuwa anasema kweli! Hajapata, kwa sababu sisi tunamalizia malalamiko kwa pesa ya zakat kabla hayajamfikia.

Kuna hili lingine la watu kuzuiliwa hospitalini kwa bili. Mnalijua. Mama amejifungua, ameruhusiwa na daktari, lakini haondoki kwa sababu hajalipa, na kila siku anayolala inaongezwa kwenye bili. Imamu anatangaza baada ya Ijumaa, watu wanachanga, mama anatolewa, takbir. Kifiqhi hakuna tatizo: mwenye deni ni mmoja wa yale makundi manane yaliyotajwa kwenye Surat Tawba, na mtu aliyeshikwa kwa deni la hospitali anaingia humo bila ubishi mkubwa. Mtoeni, tena haraka.

Lakini Mahakama Kuu ya Kenya ilishaamua Septemba 2015, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani, kwamba kumzuia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Miaka imepita. Kwa hiyo tunapolipa kimyakimya tunafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Tunamkomboa mama, na tunamfundisha aliyemshika kwamba kushika watu kunalipa. Ukikomboa mateka kila wiki bila kusema neno, wiki ijayo utaletewa mateka mwingine. Lipa, halafu siku hiyohiyo peleka barua yenye tarehe na jina la kesi. Barua inagharimu kiasi gani? Karatasi moja.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kila mhadhiri anakisimulia siku ya kuchangisha, na kila mara anakikatia katikati.

Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alitoka usiku nje ya Madina pamoja na mtumishi wake Aslam. Akaona moto. Akamkuta mwanamke na watoto wanalia kwa njaa, na chungu kikiwa motoni hakina chakula, anawadanganya nacho tu hadi walale. Umar akaenda ghalani, akabeba unga na mafuta mgongoni mwake mwenyewe, akawapikia, moshi ukipita kwenye ndevu zake. Hapo mhadhiri anasema: mnaona, ndugu zangu, kiongozi anabeba unga! Toeni! Na bakuli linapita.

Lakini katikati ya kisa kuna sehemu inayorukwa. Yule mwanamke hakujua anaongea na nani, na alichokisema ni malalamiko dhidi ya Umar. Alimshitaki kwa Allah. Umar akajitetea, akauliza Umar atajuaje hali yake? Na mwanamke hakulainika: anachukuaje uongozi wetu halafu anatusahau? Hapo ndipo Umar alipotoka mbio kwenda ghalani. Na Aslam alipotaka kumbebea lile gunia alikataa, akamuuliza kama siku ya Kiyama pia atambebea mzigo wake.

Tafakari. Ghala lile lilikuwa la umma, na unga ule Umar aliuona kuwa deni lililochelewa. Yule mwanamke, maskini wa Mungu, usiku, peke yake na watoto, ndiye aliyefanya kazi ambayo kamati zetu zinaiita siasa. Na hakuna mahali kwenye kisa hicho Umar anapomwambia, mama, wewe pokea unga tu hayo mengine waachie wakubwa. Aliona ana haki ya kulalamika.

Ukikisoma hivyo, na Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 haionekani kitu cha kigeni. Afya, makao, kutokuwa na njaa, maji safi: vimeandikwa humo kama haki za kila mtu. Asinyimwe yeyote matibabu ya dharura. Na dola iwape msaada wasioweza kujitegemea wenyewe. Qur'ani nayo inataja katika mali ya wenye nacho haki ya anayeomba na anayenyimwa, na neno lililotumika ni haki. Maskini haji kwetu kuomba hisani ya mtu. Anakuja kuchukua chake kilichokuwa kimekaa kwa mtu mwingine.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshapewa. "Nyinyi vijana hamkumbuki." Wanamaanisha 1998. Baada ya shambulio la ubalozi wa Marekani Nairobi, tarehe 7 Agosti, serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya Kiislamu ya misaada ndani ya wiki chache. Wengi wa wazee wetu walikuwa vijana wakati huo, waliona ofisi zikifungwa. Halafu Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, akaunti za MUHURI na Haki Africa zikafungwa pia, mashirika yenye kazi ya kutetea haki za watu pwani. Kwa hiyo hofu ya wazee haikutoka hewani, na mtu anayeicheka hajui anachokicheka.

Lakini hebu tuitazame historia hiyohiyo kwa makini. Yaliyofungwa 1998 yalikuwa mashirika ya misaada. Sisemi lolote hapa kuhusu shirika hili au lile lilifanya nini. Nasema kwamba kusema "sisi tunagawa chakula tu" hakukumkinga mtu. Na 2015 nini kilitokea? MUHURI na Haki Africa hawakukaa kimya wakisubiri kuhurumiwa. Walikwenda Mahakama Kuu Mombasa, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo mahakama ikaamuru akaunti zao zifunguliwe. Kinachokulinda ni vitabu vya hesabu vilivyonyooka na watu wanaojua haki zao. Kama kweli tunaogopa, tubandike hesabu ya kila mwezi kwenye ubao wa msikiti: kiasi kilichoingia, kilichotoka, risiti namba fulani. Cha ajabu ni kwamba wengi wanaotuonya tusifanye siasa hawataki hilo nalo.

Na tukiongea kuhusu siasa, wacha niulize swali la uchokozi kidogo. Yule mheshimiwa aliyekuja Ramadhani na magunia yenye sura yake, akapiga picha na wajane wakiwa wameshika mafuta mbele ya kamera, ile haikuwa siasa? Mbona siku hiyo hakuna aliyesimama baada ya Isha kusema tuwaachie wanasiasa? Tulimpa kipaza sauti. Bibi mmoja alijaribu kujifunika uso na mtandio, akaambiwa ageuke vizuri aonekane. Allah ametukataza kubatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi, sasa kama kumlazimisha bibi ageukie kamera si maudhi, sijui maudhi ni nini. Wafadhili wanataka ushahidi, sawa. Wapewe risiti, wapewe sahihi, wapigiwe picha ya magunia. Magunia hayana aibu.

Kwa hiyo tunakubali siasa. Tunakubali ile ya mwenye nguvu kujionyesha. Tunayoikataa ni ile ya mnyonge kuuliza.

Suala la nani apewe nitalipita haraka, ingawa najua watu watalirudia kwenye maoni. Kuna anayesema Waislamu kwanza, sisi ni wachache hapa, hakuna anayetujali. Kwenye zakat kuna mjadala wa wanazuoni na ufuatwe. Lakini sadaka haina mlango huo, na maji ya ziwa hayakuuliza mtu anaswali wapi. Surat Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, na mfungwa wa zama zile hakuwa Muislamu. Umar huyohuyo alimkuta mzee wa Kiyahudi akiombaomba, akaamuru apewe kutoka hazina, akaona si uadilifu kula ujana wake halafu kumtupa uzeeni. Zaidi ya hapo, sisi ni watu wa Naivasha. Januari 2008 watu wa mji huu walichomwa ndani ya nyumba kwa sababu ya majina yao ya pili. Mtu anayetaka orodha ya unga ipangwe kwa majina anajua anachezea nini? Orodha ipangwe kwa shida.

Sasa niwageukie nyinyi, maana nimewasema wazee vya kutosha.

Kuna baadhi yetu tumeanza kudharau mgao. Tunasema kugawa unga ni kazi ya akina mama na wazee, sisi tunataka mageuzi, sisi ni watu wa Juni 2024. Vizuri. Lakini kumbukeni Juni 2024 yenyewe ilikuwaje. Msikiti wa Jamia Nairobi ulifungua milango, waliojeruhiwa wakapata huduma ya kwanza mle ndani, na hawakuwa Waislamu peke yao. Watu wakachangiana bili za hospitali kwa simu, mia mbili, hamsini, mtu asiyemjua mtu. Hakuna aliyesimama kusema bandeji ni hisani na sisi tunataka haki tu. Vilikwenda pamoja. Mwenye njaa haji kwenye mkutano wako wa Katiba, na akija atakuwa anawaza watoto wamekula nini. Na mtu mliyekula naye, mliyempeleka mgonjwa wake hospitali saa nane usiku kwa boda, huyo ukimwambia twende tukaulize kaunti, atakuja. Asiyetaka kubeba gunia asitegemee kuaminiwa na kipaza sauti.

Basi tufanye nini? Mimi napendekeza kitu kimoja, kidogo kabisa, na nimeshakipeleka kwenye kamati: daftari la pili.

Daftari la kwanza tunalo. Linaandika fulani amepewa nini, tarehe gani. La pili liandike kwa nini alihitaji, na ni nani aliyetakiwa kumpa kabla yetu. Mama fulani, amehama Kihoto Novemba 2025, ana hatimiliki, hajalipwa chochote. Baba fulani, sukari, insulini haikupatikana hospitalini Januari, Februari, Machi, tumenunua sisi, risiti hizi hapa. Dada fulani, amefanya kibarua miezi kadhaa bila mkataba, amekatwa pesa za SHA, akienda hospitali anaambiwa malipo hayaonekani. Mistari miwili mitatu kwa kila mtu, kwa ridhaa yake, na jina linabaki kwetu, halitoki nje. Anayekataa kuandikwa anapewa unga wake kama wengine wote, bila kununiwa.

Baada ya miezi mitatu tunahesabu. Halafu tunaitumia sheria, maana ipo. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Saa 48! Dawa ya mgonjwa wa sukari inahusu nini kama haihusu uhai? Unaandika: tunaomba kujua dawa hizi ziliagizwa lini, zilifika ngapi, ziliisha lini. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti. Nakuru si mbali, nauli tunachangishana. Serikali ilisema Oktoba 2025 kwamba itawalipia SHA watu milioni 2.2 wasiojiweza. Alhamdulillah, jambo jema. Sasa waulizwe: kutoka Kihoto wamechukuliwa wangapi, na nani aliyepanga orodha? Sisi tutakuwa na orodha yetu ya kulinganisha. Bila daftari utauliza swali hilo na utajibiwa kwa hotuba.

Wazee wa kamati hawajakubali bado. Mmoja amesema tutaleta matatizo, mwingine ameuliza kama daftari hilo litawekwa wapi usiku, na hilo la pili ni swali zuri, kwa sababu siri za watu ni amana. Tumekubaliana wasichana wawili wa madrasa waliosoma ukatibu wafundishe wengine namna ya kuandika bila kumdhalilisha mtu, na kabati lipate kufuli ya maana. Tunahitaji pia mtu mmoja anayesomea sheria, hata kama yuko mwaka wa kwanza, na mtu aliyefanya kazi kwenye duka la dawa, atusomee mwandiko wa madaktari. Wahudumu wa afya ya jamii mlio kwenye ukurasa huu, nyinyi mnazijua nyumba kuliko sisi, tafadhali mjitokeze. Na ambaye si Muislamu na anaishi Kihoto, karibu, hakuna anayekuuliza.

Mgao ujao ni Jumamosi baada ya Dhuhri, palepale. Kuja mapema kidogo, magunia yanashushwa kwanza. Na ukiweza njoo na kalamu yako mwenyewe, zile za kamati huwa zinapotea kabla hata foleni haijaanza.